Mashuka ya Mama kwenye Viti vya Pantoni

Ukiinua nailoni lililofunika viti usiku kucha, harufu ya ukungu inakupiga usoni kabla hujaona doa hata moja. Ni harufu ya soksi mbichi na udongo wa chini ya mtungi, na kwangu ndiyo harufu ya mwaka ule wote. Kila alfajiri nilishuka mwaloni, pale vyombo vinapoegesha ziwani, kule upande wa Mkula, nikafungua kamba pembe baada ya pembe, nikavuta nailoni la bluu kutoka kwenye viti vya pantoni ya baba huku nimegeuza uso pembeni. Kisha nikachukua kitambaa na maji ya sabuni nikasugua madoa meusi mpaka wakati wa shule. Mama alikuwa amefariki miezi michache kabla. Watu walinisifu: mtoto huyu amejikaza, halii ovyo, anachapa kazi. Kujikaza wapi! Sikuwa nahisi kitu. Ningemwagiwa uji wa moto mguuni ningeuliza tu kama umebaki mwingine sufuriani.

Baba hakuwa mtu wa ziwa. Alikuwa mtu wa pamba, mpokeaji kwenye ghala la ushirika kule Bariadi, na kazi yake kubwa ilikuwa kuzamisha mkono kwenye gunia la mkulima mpaka kwenye kiwiko, kupapasa unyevu wa pamba, halafu kutoa hukumu ya neno moja. Akisema "kavu," gunia linakwenda kwenye mizani. Akisema "mbichi," linarudi nyumbani kuanikwa, hata kama mwenye nalo ni shemeji yake. Ilipofika miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, wakabeba kavu na mbichi bila kubagua, ushirika ukalegea, na baba akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Mwaka huohuo mama akaugua akafa. Kiinua mgongo chote baba alikipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akaunganishiwa mapipa ya chuma safu mbili yaelee majini, juu yake sakafu ya mbao, paa la bati jepesi, injini ya mtumba, na viti vya sponji vilivyovalishwa leza nyekundu, ile ngozi ya bandia. Alitaka abiria wavuke ghuba wamekaa kama wageni waliokaribishwa sebuleni. Tulihamia huko ziwani mimi na yeye, tukapanga vyumba viwili, tukaanza maisha ya kupishana mlangoni bila maneno.

Kitu kimoja alichohama nacho kilikuwa sanduku la bati la mama. Kwetu matanga yakiisha nguo za marehemu hugawiwa ndugu. Huyu gauni, yule kitenge, mtoto naye anapata chake cha kumkumbukia. Baba alikataa. Siku ya mazishi ilikuwa imenyesha mvua kubwa, na mashuka ya mama, yale ya marekani, kitambaa kizito cha pamba, aliyoyapinda mwenyewe kwa cherehani, yalikuwa yametandikwa uani kwa ajili ya waombolezaji, yakalowa. Baba aliyakusanya hivyohivyo, akayashindilia sandukuni pamoja na magauni na foronya ya mto wake, akapiga kufuli na kufunga ufunguo kwenye mkanda wa suruali. Mimi nilitaka ile foronya tu. Mama alikuwa akipaka nywele mafuta ya nazi, na foronya yake ilinukia kichwa chake. Niliamini kwamba nikiinusa nitalia kama watu wengine, nami niwe mtu. Nilimwomba baba mara moja. Alisema, "Limefungwa," akatoka kwenda kuangalia injini.

Mvua za vuli zilipoanza, ukungu ukapata kwao. Abiria walipanda na matope na nguo zilizolowa, wengine na ndoo za samaki, maji yakaingia kwenye mishono ya leza na kunywewa na sponji. Jioni baba alifunika viti vyote kwa nailoni, akakaza kamba mpaka zikalia, jinsi walivyokuwa wakifunika marundo ya pamba kwenye gulio mvua ikitishia. Alirudi nyumbani ameridhika. Asubuhi mimi ndiye niliyefunua. Nailoni lilikuwa linatoka jasho upande wa ndani, matone yanadondoka, na leza imevaa vinyweleo vya kijivu kama panya. Tulijaribu sabuni, tukajaribu ndimu na chumvi, tukasugua mpaka rangi nyekundu ikaanza kutoka kwenye kitambaa chetu. Ukungu ulirudi. Siku moja wanakwaya walivuka kwenda kwenye harusi ng'ambo wakiwa wamevaa kanzu nyeupe, wakashuka na makalio meusi. Loo, matusi niliyoyasikia siku ile si ya watu wa kanisa. Toka hapo abiria wakarudi kwenye mitumbwi, wakisema afadhali kukaa kwenye ubao mkavu kuliko kwenye sofa linalooza, na baba akawa anashinda amekaa peke yake kwenye pantoni yake akitazama maji.

Ndipo akaja sengi, dada yake baba, kutoka Mwamapalala, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Hakusubiri hata kukaribishwa maji ya kunywa. Alishuka mwaloni, akapanda pantoni, akanusa, akachana mshono wa kiti kimoja na kuzamisha mkono ndani ya sponji mpaka kwenye kiwiko. Ndivyo baba alivyokuwa akifanya ghalani.

"Kaka, maisha yako yote umerudisha pamba mbichi za watu," alisema. "Leo wewe unafunika viti vibichi?"

"Nazuia mvua," baba alijibu.

"Mvua iko ndani. Umeifungia."

Sengi akavua kanga ya mabegani, akapanga kazi. Sponji zote zikatolewa kwenye leza na kusimamishwa kwa ubavu juu ya kichanja, upepo upite pande zote mbili. Nailoni, alisema, linafaa kuwa paa tu: linyanyuliwe kwa fito juu ya viti, pembeni pawe wazi. Kinachogusa kiti kiwe kitambaa cha pamba kizito, kinachopumua, kinachonyonya umande usiku na kukauka jua likitoka. Basi baba akaenda Bariadi kukitafuta. Alizunguka maduka yote, mpaka kwa muuza vitambaa mmoja pale sokoni, mzee wa Kiislamu aliyekuwa akiwauzia wazazi wangu tangu waoane. Maduka yalikuwa yamejaa pomoni kuliko wakati wowote: nailoni za maua, poliesta, pazia za kung'aa, vyote kutoka nje. Marekani hakuna, kiwanda kimesimama. Nchi nzima kuanzia Shishiyu mpaka ziwani hugeuka nyeupe kwa pamba kila mavuno, na kitambaa cha pamba cha kufunika kiti hakikupatikana. Baba alirudi mikono mitupu, akasimulia hayo kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi.

Sengi alimgeukia. "Marehemu wifi yangu alikuwa na mashuka," alisema.

Nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua, ila nilikuwa sioni mchele. Baba alikaa pale mpaka chai yake ikapoa, kisha akasimama, akaingia chumbani, akaburuta sanduku mpaka mlangoni penye mwanga. Kufuli lilikuwa limeshika kutu na ufunguo ukagoma. Ikabidi alipige kwa nyundo. Kifuniko kilipoinuka, ile harufu yangu ya kila alfajiri ikatoka na kujaza chumba. Mashuka yalikuwa na madoa meusi, magauni yameshikana. Baba alipiga magoti, akazamisha mkono katikati ya nguo za mke wake mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho.

"Mbichi," alisema.

Kisha akalia, baba yangu, kwa sauti, na sengi akamshika kichwa. Mimi nilichomoa foronya nikaiweka usoni. Kwanza ukungu, na kwa mbali sana, chini ya ukungu, mafuta ya nazi. Nilisubiri machozi. Hayakuja.

Mashuka yalifuliwa, yakachemshwa, yakaanikwa juani mpaka yakakakamaa, na sengi akayashona vifuniko vya viti. Madoa mengine hayakutoka. Abiria walirudi mmoja mmoja, pantoni ikafanya kazi miaka mingi, na kila jioni nilitandika mashuka ya mama juu ya viti vikavu, chini ya nailoni lililonyanyuliwa. Yalikuwa yananukia jua tu. Sengi alipokuwa anaondoka aliniwekea foronya mkononi na kuninong'oneza, "Hii sijaifua, ng'wana wane, mwanangu."

Sasa naishi Bariadi, mji umekuwa mkubwa, una lami na taa, nami nina duka la vitambaa vya sofa. Wateja wananunua makochi ya gharama halafu hawataki kuvua nailoni la dukani, eti yasichakae. Nawagombeza. Nawaambia pamba, jua, upepo, na wananiona mshamba. Mwaka jana mama mmoja aliniita nyumbani kwake nikapime vifuniko. Niliinua nailoni kwenye kochi lake, ile harufu ikanipiga usoni, na nikakaa chini kwenye zulia la mtu nisiyemjua nikalia mpaka nikakosa pumzi. Yule mama wa watu alichanganyikiwa. "Jamani, kwani ndiyo halifai kabisa?" aliniuliza. Nilimwambia linafaa, alianike tu. Nilipofika nyumbani nilifungua kabati, nikatoa foronya ndani ya mfuko wake wa nailoni. Mafuta ya nazi yamekwisha siku nyingi, umebaki ukungu. Mume wangu akaniambia niitoe nje, niianike juani, si ndivyo ninavyowahubiria watu. Nikakaza fundo la mfuko, nikaurudisha kabatini. Hiyo siianiki.