Mwewe Aliyenijua kwa Mkono

Siku za kazi nilipiga picha za pasipoti mjini. Jumamosi nilijiita mpiga picha wa wanyamapori. Cheka ukitaka. Kwenda mbugani sikuwa na uwezo, kwa hiyo wanyamapori wangu walikuwa mwewe wa soko la nyama choma, pale karibu na vibanda vya kusuka nywele.

Mchoma nyama mmoja, mzee wa utani mwingi, aliniwekea vipande vya mafuta. Niliinua mkono wa kushoto, nikarusha kipande hewani, wa kulia ukiwa kwenye kamera. Mwewe mmoja aliyekatika unyoya wa mkia alijifunza haraka kuliko wenzake. Baada ya miezi michache sikuhitaji hata nyama. Nikiinua mkono tu, alishuka kucha zikiwa wazi, akinitazama usoni. Nilimpenda yule ndege, na nilijisifu kwa watu kwamba tumeelewana.

Sikujiuliza kama aliweza kutofautisha mkono wangu na wa mtu mwingine.

Jumamosi moja, mama mmoja aliyekuwa akisukwa aliinua mkono kumwita muuza chai, mkononi ana kipande cha nyama. Mwewe alimpasua shavu. Nilifika akipanguswa damu kwa taulo la saluni. Nilirudisha kamera kwenye begi, nikajichanganya na watu kana kwamba ndege yule simjui. Aibu hiyo ninayo hadi leo.

Wiki iliyofuata mzee hakunitania.

"Leo hakuna mafuta, bosi. Hizo ndege zako zitanimalizia kastoma. Nimeziwekea nyama yenye dawa ya panya hapo juu ya mabati."

"Umeweka saa ngapi?"

"Sai tu. Bado hazijashuka."

Nilitazama paa. Vipande vyekundu vilikuwa vimepangwa ukingoni, na juu yake mwewe wangu alikuwa akizunguka taratibu, kila mzunguko chini kidogo ya ule uliopita. Niliomba ngazi, hakuna aliyejisumbua kunijibu. Nikakimbia hadi chini ya paa nikipiga kelele, na kwa kuchanganyikiwa nikainua mikono yote miwili ili nimfukuze.

Aliniona. Akakunja mabawa, akaja moja kwa moja hadi karibu na vidole vyangu, akakuta havina kitu. Akapinda, akatua kwenye mabati, akaanza kula.