Bibi wa Chokaa ya Tambuu

Wewe cheka tu, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Kilwa Masoko, mchana kweupe, tena nikiwa na akili zangu timamu.

Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniachia akwariamu sebuleni, lile tangi la kioo la kufugia samaki, la maji ya bahari. Ndani yake kuna tumbawe alilolilea tangu likiwa dogo kama kidole. Nalipenda kuliko hata picha zake. Basi vikaingia vile viumbe vya baharini vyenye sura ya ua, rangi ya kahawia, vina mikono laini kama nyuzi na vinachoma kila kinachovigusa. Tumbawe likaanza kufa upande mmoja. Nikashika kisu, nikavikwangua kwa hasira. Unajua ilikuwaje? Vikaota vingine chungu nzima! Nililia, nakwambia.

Nikiwa bado na kisu mkononi, jua la utosini, mtaa kimya, akabisha hodi bibi mmoja nisiyemjua, anatafuna tambuu.

"Shikamoo bibi. Karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu. Kitoe kwanza hicho kisu nje."

Nikadhani ni uzee tu. Nikakitupa uani, naye akaingia, akaketi mbele ya kioo.

"Ukivikata unavipandikiza. Kila kipande kinaota. Hebu zima pampu ya maji."

Akanipa kikopo chake cha chokaa ya tambuu. Akanielekeza niikoroge nzito, niivute kwa bomba la sindano, nikitilie kila kiumbe mdomoni mwake, kimoja kimoja. Cha kwanza kikajikunja, kikanywea.

"Vichache kwa siku. Chokaa ikizidi, samaki watakufa."

Nikainua macho nimshukuru. Niamini, kwenye kioo nilijiona peke yangu! Kugeuka, kiti kitupu, kinachuruzika maji, na mlango sikuusikia. Ndipo nikakikumbuka kile kisu. Nani wa pwani hii asiyejua kwamba majini, wenzetu wale, hawakai na chuma?

Niliogopa, sikatai. Lakini kesho yake niliendelea na chokaa, na siku zilizofuata, mpaka vikaisha. Kiti kile hakijakauka hadi leo, njoo ukiguse. Na tumbawe limechipua upande ule ule uliokuwa umekufa.

Kwa hiyo ukiviona kwako, usivikwangue. Na mgeni usiyemjua akikuomba utoe chuma nje, kitoe bila ubishi. Mimi ningembishia bibi yule, ningemzika mume wangu mara ya pili.