Kigodoro Kisichoshika Moto

(Aliyetuandikia yuko Mombasa. Jina lake tunalo wenyewe, na majina yaliyomo ameyabadilisha. Msomeni mpaka mwisho kabla ya kumjibu.)

Asalaam aleikum nyote wa ukurasa huu. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na tano, fundi wa makochi na magodoro hapa Mji wa Kale tangu sijaota ndevu. Shule niliiachia darasa la sita, lakini mikono yangu ina digrii mbili. Ulizeni kuanzia Makadara mpaka baharini ni nani aliyewashonea watu mito ya sebuleni, mtatajiwa mimi. Nawaambia haya mjue kuwa anayewaandikia si mtu wa kubabaika ovyo. Na sasa nimebabaika. Wiki ya pili hii nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje, nikitoka narudi, na sindano haishikiki.

Miaka ya tisini dada yangu, nimwite Zuhura, alikuwa na mimba ya kwanza. Nyinyi wa pwani mwayajua mambo ya arobaini ya uzazi: mzazi na mtoto ndani, na chetezo cha makaa na ubani asubuhi na jioni mpaka chumba kizima kinukie. Sasa kwa jirani yake kaa liliruka likatua kwenye kigodoro cha mtoto. Kilijazwa sufi, na sufi ikiona moto haingoji. Yule mtoto aliungua mguu. Zuhura akaja karakana analia, akaniambia, "Kaka, wewe si fundi? Nifanyie kitu kisichowaka."

Nikashuka Liwatoni, bandarini. Siku hizo meli zikitengenezwa, vitanda vya mabaharia vilivyochakaa vilitolewa, nami nikinunua sponji yake kwa magunia. Sponji ile ukiiwekea kiberiti inafuka moshi kidogo, kisha inazima yenyewe. Nilikuwa nikionyesha watu mlangoni pa karakana. Kuna siku niliketi juu ya godoro la sponji hiyo, nikaweka jiko la makaa katikati ya miguu, muuza kahawa akachemsha mabirika mawili, na umati ukaziba njia hata bwana harusi mmoja akachelewa kuozwa. Mtasema natia chumvi. Bwana harusi huenda nimemuongeza, lakini jiko lilikuwepo.

Aliyeniuzia sponji alikuwa fundi wa meli, mgeni. Aliniuliza naifanyia nini, nikamwambia namshonea mpwa wangu anayekuja. Akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili chake cha bandarini, "Mtoto hapana. Dawa ya moto mbaya kwa mtoto." Nikacheka. Nilidhani ataka kupandisha bei.

Kigodoro nilikishona kwa kitambaa cha maua, na katika wiki ya tatu kaa likaruka kweli, likaangukia shubiri moja kutoka mguu wa mtoto. Kilibaki kitundu cheusi tu. Tangu hapo Zuhura hakuna harusi wala hitima asikosimulia habari hiyo, na akichoka yeye naendelea mimi.

Mtoto huyo nimwite Salma. Shuleni alikuwa mzito wa kushika na mwepesi wa kuhangaika, walimu wakasema ni utundu. Alipofika ishirini na kidogo tezi ya shingoni ikaanza kumsumbua, moyo unamwenda mbio, anakula na anakonda. Sasa ana mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane. Mumewe yuko safari, kwa hivyo wiki mbili zilizopita nilimpeleka hospitali mimi. Alipokwenda kutolewa damu nikabaki na daktari, mama mmoja mpole, na kwa kupitisha wakati nikamsimulia kisa cha kigodoro. Nilitaraji acheke. Akaweka kalamu chini.

"Mzee, hicho kigodoro kiko wapi sasa?"

Kiko kwa dada, nikasema, kimefuliwa foronya, chamngoja mtoto wa Salma.

Akanieleza taratibu kwamba dawa ya kuzuia moto inayotiwa kwenye sponji kama zile haikai ndani. Sponji ikichakaa inamomonyoka, dawa inatoka na vumbi, mtoto anatambaa na kutia mikono kinywani, na hata kwenye maziwa ya mama hufika. Wanyama waliopewa dawa hiyo wakiwa wachanga, tezi na ubongo wao havikukua sawa, na kwa watoto wa binadamu nako dalili zimeonekana. Nikamkumbuka paka wangu wa karakana aliyekuwa akizalia kwenye gunia la masalio ya sponji ile, anakula kama hamali na anabaki mifupa. Nilikuwa nikisema ni minyoo. Nikauliza kama kigodoro ndicho kilichomharibu Salma.

"Siwezi kuliapia hilo," akasema. "Tezi huharibika kwa mambo mengi. Lakini huyu anayekuja asilazwe hapo."

Salma akarudi ameshikilia pamba mkononi. Nikamchukulia mkoba, nikamuuliza kama ana njaa.

Nilikwenda kwa dada nikajidai nataka kukishona upya. Alinipa, akasema, "Sponji usiiguse, kaka. Uhai wa mwanangu umo humo." Nia yangu ilikuwa nijaze sufi, nishone, nife na siri yangu. Nikafumua, sponji ikanimwagikia kama unga wa dengu. Ndipo nikakumbuka chetezo. Watakiweka karibu na kichwa cha mtoto bila wasiwasi, kwa sababu ya neno langu la miaka thelathini. Nikijaza sufi na kunyamaza, mtoto aweza kuungua. Nikisema, Salma atajishika shingo anitazame.

Jana alinipigia simu. Alitoa shikamoo, kisha akauliza, "Mjomba, kitakuwa tayari lini?" Nikamwambia Ijumaa. Leo ni Jumatano.

Ndugu zangu, sponji haitarudi ndani, hilo nimeshaamua. Ninalotaka kwenu ni hili: nianze na nani, mama au binti? Na Salma akiniuliza kama kuna mtu aliyenionya siku zile, nimjibu nini?