Mwizi Aliyedai Cheti cha Wizi

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, kijana mmoja alisimama mbele ya nyumba yangu na mkokoteni. Juu yake lililala lango langu la chuma, lililokuwa limeibwa miezi mitano kabla.

Hakukimbia. Aliniamkia kwa adabu, akafuta jasho, kisha akatoa kalamu mfukoni.

"Prof, mi njo niliiba portail yenu. Nimerudisha. Sasa munisainie karatasi ya kusema ni mimi niliiba."

Nimesoma vitabu vingi juu ya toba. Hakuna hata kimoja ambamo mwenye kutubu anakuja na kalamu yake.

Ili mnielewe, lazima nianzie kwenye ruzuku.

Mimi ni Kalaba, mwalimu wa Kilatini na falsafa katika mtaa wa Bel-Air, hapa Lubumbashi, mwaka wa thelathini na mbili sasa. Kazi hiyo imenifundisha kutoamini mambo mawili: miujiza, na miradi inayoanza kwa kugawa fulana.

Mwaka jana mradi ulifika. Fulana zilitangulia.

Mfadhili wa ng'ambo alikuwa ametoa fedha za kuzuia uhalifu wa vijana mtaani kwetu. Nusu ilikwenda kwa polisi: pikipiki mbili, redio za mawasiliano, na mkutano wa kila mwezi na wakazi. Nusu ya pili iliwahusu vijana ishirini. Wangejifunza kuchomelea vyuma kwa miezi sita, na mwishoni kila mmoja angeondoka na mashine yake ya kuchomelea.

Mashine hiyo, ambayo hapa tunaiita poste, ndiyo iliyoamsha mtaa. Kijana mwenye poste hufungua karakana mbele ya nyumba ya mama yake na kula bukari, ugali wetu, ya jasho lake. Asiye nayo humshikia mwenzake chuma.

Sharti lilikuwa moja tu: kijana awe amewahi kuvunja sheria.

Niliteuliwa katibu wa kamati kwa sababu ninaandika Kifaransa bila makosa. Ni sababu pekee inayowafanya watu wa Bel-Air wanikumbuke.

Mwenyekiti alikuwa Papa Mardochée, mkuu wa mtaa. Kwa miaka ishirini amekuwa akitoa vyeti vya mwenendo mwema, kwani katika nchi yetu jambo lisilo na muhuri halijatokea. Alilitafakari sharti la mfadhili kwa muda wa kunywa chai nusu kikombe. Akachukua fomu yake ya kila siku, akafuta neno "mwema" kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "mbaya".

"Prof, problème imeisha," alisema. "Muntu aliibiwa anasaini, mi napiga cachet. Bila saini ya mwenye kuibiwa, hakuna mwizi."

Kisheria ulikuwa upuuzi. Kiutawala haukuwa na dosari. Nikauandika katika kumbukumbu za kikao.

Asubuhi iliyofuata akina mama walipanga foleni. Nilikuwa nimezoea kuwasikia wakiapa kwamba watoto wao hawana hatia. Siku hiyo waliapa kinyume.

Wa kwanza alikuwa Mama Clotilde, muuza unga.

"Prof, Fils wangu iko mwizi. Mwizi kabisa."

"Aliiba nini, mama?"

"Sukari."

"Ya nani?"

"Ya kwangu."

"Sukari ya nyumbani si uhalifu."

"Prof, hauyaona vile anaiba. Anarudishaka kifuniko vizuri. Ile haiko ya mutoto, ile ni ya professionnel."

Mama mmoja nyuma yake akacheka. "Sukari, Clotilde? Na wewe unapanga mustari kwa sukari? Wangu aliuzisha pneu ya baba yake."

"Baba yake atasaini?" niliuliza.

"Baba yake hayajua."

Sukari ilikataliwa. Gurudumu liliahirishwa.

Mchana alikuja Mwape, kijana wa miaka ishirini na miwili, shati limepigwa pasi, mwimbaji wa besi katika kwaya ya parokia.

"Mi niko mwizi," alisema, akitazama viatu vyake.

Papa Mardochée aliinama juu ya meza kwa kicheko. "Wewe? Wewe njo unabebaka musalaba mu procession. Umeingia hapa, umeomba pardon mara tatu. Mwizi gani?"

"Papa chef, niko mwizi. Ni vile tu habayanikamata."

"Uliibia nani?"

Mwape alifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mwizi.

"Prof Kalaba," alisema hatimaye. "Portail yake."

Nilimwambia ninalowaambia wanafunzi wote: kukiri bila ushahidi ni maneno tu. Orodha ingefungwa baada ya wiki mbili. Alete lango, ndipo tuzungumze.

Alisimama mlangoni kidogo. "Prof, nikipata poste, mama anaacha kubeba magunia ya makala ya kupikia ku kichwa. Njo ile tu."

Siku kumi na moja baadaye, lango lilifika kwa mkokoteni.

Sikusaini mara moja. Nilihesabu miale ya jua lililopamba katikati: saba, kama zamani. Rangi ilikuwa kijani ileile. Nilipima upana, ukalingana na nguzo. Bawaba zilikaa mahali pake kana kwamba hazikuwahi kuondoka.

Basi nikasaini, nikijivunia kimoyomoyo kwamba mtu mmoja katika mtaa huu bado anadai ushahidi. Papa Mardochée akapiga muhuri.

Kesho yake Kamanda Clovis wa kituo chetu cha polisi alikuja kwa pikipiki ya mradi. Alitukuta ofisini: mimi, Papa Mardochée, na Mwape aliyekuja kuandikishwa.

"Prof, banasema muko na mwizi mwenye papier."

"Tunaye. Amepokewa katika mafunzo."

"Na mi je? Bailleur, ule wa kutoa feza ya mradi, ananiomba rapport: vijana ngapi polisi ilikamata. Miezi mitatu niko ku zéro. Sasa mwizi mumoja complet, na saini, na cachet, munamutuma ku masomo?"

Hivyo nusu mbili za ruzuku moja ziligombea mwizi mmoja. Mwape aliwatazama wakubwa kwa zamu. Angeingia mahabusu, nafasi yake ingepewa mwingine, na poste pamoja nayo.

"Aliyeibiwa ni mimi," nilisema, "na sina malalamiko."

"Prof, mushikuwe na huruma na bezi."

"Sina huruma, kamanda. Nina lango."

Papa Mardochée alikata shauri. Mwape asome siku zote, lakini kila Jumatatu asubuhi aripoti kituoni na kuweka saini. Kamanda aliandika katika daftari lake: "Kijana anayefuatiliwa na polisi." Kila nusu ikapata sentensi ya kuweka katika ripoti.

Jumatatu ya pili, Mwape alirekebisha benchi la kituo. Jumatatu ya nne alirekebisha mlango wa mahabusu, uliokuwa ukifungwa kwa kamba. Niliandika kwa mfadhili kwamba mafunzo yanaleta matokeo ya haraka kupita kiasi. Nilidhani ninasifu.

Mwezi wa tano wa mafunzo, Kamanda Clovis alikuja tena kwangu, safari hii kwa gari. Askari wawili walishusha kitu cha chuma. Walikuwa wamemkamata mnunuzi wa vyuma chakavu, na ghalani mwake wakakuta lango la kijani lenye jua la miale saba.

Nyuma ya kitasa chake palikuwa na herufi tatu. Binti yangu Léa alizichora kwa msumari alipokuwa na miaka saba.

Nilikwenda kwenye lango lililosimama mbele ya nyumba yangu, nikachungulia nyuma ya kitasa. Hapakuwa na kitu.

Mwape aliitwa. Aliyaangalia malango mawili, kisha akaniangalia mimi.

"Ya chini njo ya kweli, Prof."

"Na hili lililosimama?"

"Ile nilitengeneza mimi. Kambove, kwa mujomba wangu André. Aliniazima poste yake juma moja."

"Umbo lake ulilijuaje?"

"Napitaka hapa kila siku ya Mungu nikienda ku kwaya. Kitambo niko naiangalia. Soudure yake, vile walichomelea, ilikuwa muzuri."

"Kwa hiyo hukuiba."

"Siyaiba hata muhindi mumoja wa shamba, Prof. Lakini mulisema bila preuve hakuna kitu. Preuve ningeitoa wapi?"

Nilikaa juu ya jiwe. Katika orodha ya vijana ishirini waliothibitishwa kuwa wahalifu, yule niliyemthibitisha mimi mwenyewe, kwa kipimo na kwa hesabu, ndiye aliyekuwa hana hatia. Na mwezi mmoja kabla ya kupewa mashine yake, hakuwa tena na haki nayo.

"Basi lazima nimfute kwenye orodha," nilisema. "Hajawahi kuvunja sheria."

Kamanda Clovis alikuwa amejiegemeza kwenye gari, akitabasamu kama mtu aliyepata jibu kabla ya mwalimu.

"Prof, munisikilize. Kuleta preuve ya bongo, ya kudanganya, mbele ya comité, kusainisha muntu mukubwa, kupigisha cachet ya quartier. Ile mu code pénal ni nini?"

Nilifikiri. "Ni udanganyifu. Pengine na kughushi."

"Voilà. Mwizi haiko. Lakini sheria, amevunja. Iko na droit."

Papa Mardochée alipiga muhuri mpya jioni ileile. Kwa mara ya kwanza, cheti cha Mwape cha mwenendo mbaya kilisema ukweli mtupu, na mimi ndiye niliyesaini kama mdanganywa.

Mwape alipata poste. Leo ana karakana yenye vijana watatu, na mama yake anauza vocha za simu akiwa ameketi.

Nimefundisha mantiki miaka mingi, na mantiki haimruhusu mtu kungoja kijana aibe ili amzuie asiibe. Mkipata ruzuku huko mliko, msimwulize kijana ameiba nini. Mwulizeni anajua kufanya nini, na anakosa chombo gani.

Mwape alikuwa na jibu hilo tangu siku ya kwanza. Sisi wasomi hatukumwuliza.