Shimo la Gotu

Mwezi uliopita, nikiwa kwenye benchi la hospitali nikingoja kupimwa presha, mfagiaji mmoja alisimama mbele yangu akamimina dawa nyeusi kwenye ndoo ya maji. Mnaijua dawa hiyo. Ikiwa chupani ni nyeusi kama lami, lakini ikiguswa na maji inageuka nyeupe kama maziwa, na harufu yake hukaa puani hadi jioni. Wenzangu pale benchini walifunika pua kwa leso. Mimi nilivuta pumzi. Harufu hiyo ilikuwa kwenye mashati ya baba, kwenye mikono yake, hata kwenye mto wake wa kulalia, na nilipokuwa mdogo nilidhani akina baba wote hunukia hivyo.

Tuliishi Chechelesi, mjini Isiolo, nyumba ya mabati yenye vyumba viwili. Baba yangu, Ekal, alikuwa dereva wa gari la kliniki. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Gari lenyewe lilikuwa lori ambalo wafadhili walilijengea nyumba mgongoni. Chumba cha mbele kilikuwa cha wagonjwa, chenye kitanda chembamba na kabati la dawa. Chumba cha nyuma kilikuwa cha nesi, Sista Kathambi, Mmeru mrefu aliyevaa saa kifuani. Humo mlikuwa na kitanda chake, jiko la gesi, sinki la kuoshea mikono, na nyuma ya mlango mwembamba, choo. Choo cha kukalia, ndani ya gari! Watu walikuja kukitazama kutoka mbali zaidi kuliko walivyokuja kutafuta dawa. Baba mwenyewe hakuwahi kukitumia. Alikwenda kichakani, akisema hawezi kujiongezea kazi.

Kwa sababu kila kilichoingia kwenye sinki na choo kilibaki kwenye gari. Chini ya sakafu palikuwa na matangi mawili, moja la maji ya sinki na moja la choo, na kila moja lilikuwa na mkono wake wa chuma wa kufungulia. Yakikaribia kujaa, baba alichimba shimo mbali na maji ya watu, akaunga bomba nene la mpira, akafungua. La choo kwanza, la sinki baadaye, ili maji ya sabuni yasafishe bomba. Kisha alitia jivu, akafukia, akafunika kwa matawi ya miiba ili mbuzi wasichimbue. Mwisho aliosha mikono kwa ile dawa nyeusi. Kujua kama tangi limejaa, aliligonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani.

Shuleni waliniita Mtoto wa Choo. Aliyeanzisha simkumbuki, lakini jina lilishika. Nikipita, wengine walibana pua. Nilikuwa darasa la tano, na niliomba kila usiku baba apewe gari lingine, gari lolote.

Likizo ya Agosti mama alikwenda Lodwar kumuuguza nyanya, naye baba akaomba ruhusa anichukue kwenye safari ya kliniki. Sista alikubali, mradi nioshe vyombo. Tulianzia Gotu. Tulikaa siku tatu, na wagonjwa walikuwa wengi: macho, kikohozi, watoto wa kuchanjwa. Siku ya mwisho baba alichimba shimo asubuhi na mapema, lakini jua lilipopanda homa ilimkamata. Alijilaza chini ya lori, amejifunika koti zito, meno yakigongana.

"Akiru," aliniita, "umeniona nikifanya mara ngapi?"

"Mara nyingi, baba."

"Basi fungua. Mkono wa kushoto kwanza, ya choo. Ukisikia imekwisha, fungua wa kulia. Halafu ufukie. Mimi nikiinama nitaanguka."

Nilijivuna, msinielewe vibaya. Niliunga bomba kama yeye, nikalivuta hadi kwenye shimo, nikarudi ili nivute ule mkono wa kushoto. Ndipo nilipomwona Halima. Alikuwa darasa letu, na sikujua kwamba kwa nyanya yake ni Gotu. Alikuwa akija moja kwa moja na msichana mwingine, mitungi mikononi, wanacheka jambo lao.

Sikuugusa mkono wa kushoto, nikavuta wa kulia. Maji ya sabuni yalimwagika shimoni, meupe, yenye povu.

"Akiru! Unafanya nini huku?" Halima aliuliza. "Hiyo ni nini?"

"Ni maji ya kunawa ya Sista."

"Si wanasema baba yako hubeba choo?"

"Ni uongo," nilisema. "Hili ni gari la dawa tu. Hakuna choo."

Waliangalia povu kidogo, wakaniaga, wakaenda zao. Nami nilifukia shimo haraka, nikaweka miiba, nikamwambia baba kwamba nimemaliza. Alinishukuru. Nilijiambia nitafungua lile lingine tukifika mbele, kabla mtu hajajua. Siku ile ile tukaondoka kwenda Biliqo.

Kule Biliqo sikupata nafasi. Tulipoegesha tu watu walijaa, na hawakuondoka hadi giza. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Homa ilikuwa imemshuka baba lakini alikuwa dhaifu, anatembea akishika ubavu wa lori, wala hakugonga tangi. Kwa nini agonge, hali aliambiwa ni tupu?

Siku ya tatu aliletwa mama mjamzito, Dabo. Alikuwa na uchungu tangu usiku, na ilikuwa mimba yake ya kwanza. Sista alimlaza kwenye kile kitanda chembamba, akafunga pazia, akaniagiza nichemshe maji. Nilikuwa jikoni niliposikia choo kikigugumia kama mtu anayesukutua. Kisha maji yakaanza kutoka chini ya ule mlango mwembamba. Sitawaeleza rangi yake. Yalifuata mteremko wa sakafu, polepole, yakapita chini ya pazia hadi miguuni pa Sista.

"Ekal!" Sista alipiga kelele. "Ekal, kuja hapa sasa hivi!"

Baba aliingia, akatazama sakafu, kisha akanitazama mimi. "Gotu ulifungua zote mbili?"

"Ndiyo," nilisema.

Alishuka, akaingia chini ya lori, akakaa huko kitambo kidogo. Alipotoka alimwendea Sista, ambaye alikuwa tayari amemfunga Dabo kwa blanketi na kuwaita wanawake wamshike.

"Kosa ni langu, Sista. Sikuangalia tangi."

Sista alimgombeza mbele ya watu wote wa Biliqo. Alimwuliza kama anajua uchafu unaweza kumfanya nini mama anayezaa. Alimwuliza kama amekuja kutibu watu au kuwaua. Baba alisimama ameshika kofia kifuani, akisema "Ndiyo, Sista," na "Pole, Sista," huku nikimtazama dirishani, sufuria ya maji ya moto mikononi. Wanawake walimbeba Dabo hadi kwenye nyumba ya mama mkwe wake, Sista akiwafuata na mkoba wake, nami na sufuria yangu.

Niliporudi, baba alikuwa na sururu mkononi. Mzee mmoja anayeitwa Boru, aliyekuwa akitutafsiria, alimwonyesha laga iliyokuwa hatua chache tu kutoka pale, mchanga mtupu, mto umekauka.

"Dereva, wewe ni mgonjwa," Boru alisema. "Mwaga tu hapo laga. Mchanga itakunywa yote."

"Na nyinyi mnakunywa wapi?" baba aliuliza.

Boru aligeuka akatazama. Chini kidogo kwenye laga ile ile wanawake walikuwa ndani ya visima vya mchanga, wanateka kwa vikopo. Alikwenda nyumbani kwake akarudi na koleo, na vijana wake wawili.

Lakini ardhi ya upande ule ilikuwa mwamba. Walipokezana hadi alasiri, na zamu ya baba ilipofika hakukubali kurukwa. Nilibeba udongo kwa karai. Hakuniuliza tena. Shimo lilipotosha, aliendesha lori kuelekea kule kwa mwendo wa kobe, kila jiwe likitikisa lile tangi, na sisi tukitembea mbali nyuma, upande upepo unakotoka. Hata Boru alicheka. Baba alifungua wa kushoto. Halafu, kwa kuwa la sinki lilikuwa na maji machache tu, aliomba mitungi miwili ya maji ya watu asafishe bomba, na wanawake walimpa.

Tulipokuwa tukifukia, tulisikia vigelegele kutoka nyumba ya mama mkwe. Mtoto alikuwa wa kike, mzima, na Dabo alikuwa mzima. Baba alikaa chini pale pale kwenye udongo, akafuta uso kwa kofia. Nilidhani amechoka tu.

Tukirudi Isiolo, Sista alilala nyuma, nami nilikaa mbele na baba. Nilivumilia hadi tukakaribia mjini, kisha nikamwambia yote, pamoja na Halima na povu na jinsi nilivyosema hakuna choo.

"Nilijua," alisema. "Nilipoingia chini ya gari niliona ule mkono wa kushoto. Ulikuwa na vumbi lake lote. Hakuna mtu aliyeugusa."

"Mbona hukumwambia Sista?"

"Kazi ni yangu. Wewe nilikuazima tu." Aliendesha kidogo. "Na usimwambie. Imekwisha."

Haikuwa imekwisha. Kabla ya Krismasi ilikuja barua kutoka ofisini kwao. Baba aliondolewa kwenye gari la kliniki kwa uzembe, akapewa pikapu ya kubeba mafaili na magunia ya unga. Mshahara ulibaki ule ule. Mama alisema afadhali, sasa atalala nyumbani. Baba alikunja barua akaiweka mfukoni, wala hatukusikia akiizungumzia tena.

Mara moja tu nilimwona karibu na gari lake la zamani. Nilikuwa natoka sokoni, na gari la kliniki lilikuwa limesimama mbele ya duka. Baba alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, anachungulia chini yake, kisha akainuka akamweleza yule dereva mpya jambo refu, kwa mikono yote miwili. Dereva mpya alikuwa akitafuna miraa, anatazama kwingine. Nilivuka barabara ili baba asinione.

Alipofariki, mimi nikiwa tayari na watoto wangu, Sista Kathambi alikuja matangani kutoka Meru. Alikuwa amestaafu, anatembea kwa mkongojo, na ile saa haikuwepo tena kifuani. Nilimpelekea chai nyuma ya nyumba, nikaketi karibu naye, nikamwambia habari za Gotu. Nilisema haraka kabla sijaogopa.

Aliweka kikombe chini.

"Ile barua," alisema, "ni mimi niliomba iandikwe. Nilisema huyo mtu hawezi kuaminiwa." Kisha akauliza, "Kwa nini hakusema?"

Nilimpa lile jibu alilonipa baba, kwamba kazi ilikuwa yake. Wakati wa hotuba Sista aliomba kuinuka. Aliwaambia waombolezaji kwamba aliomba yaandikwe maneno mabaya juu ya marehemu, na kwamba katika madereva wote aliofanya nao kazi, ni huyu peke yake aliyekataa kumwaga uchafu kwenye maji ya watu, hata akiwa mgonjwa. Hakunitaja. Nilipaswa kuinuka nami, na sikuinuka.

Nilimwambia Sista kila kitu siku hiyo, isipokuwa jambo moja, na hilo nawaambia ninyi. Ile jioni barua ilipofika, nilifurahi. Nilichukua kamba nikatoka uani nikaruka, nikijua kwamba muhula ukifunguliwa hakuna atakayenibania pua. Baba alitoka akaketi mlangoni, akanitazama. Kwa miaka mingi nilidhani hakujua kilichonifurahisha. Sasa nina watoto, na najua uso wa mtoto hauwezi kuficha kitu kama hicho. Alijua. Alikaa pale hadi giza likaingia, akinihesabia kwa sauti kila niliporuka.