Tangi la Yamumbi

Fundi yule, jirani yake Njambi pale Yamumbi, aligusa chuma kabla ya kumsalimu mtu. Kila asubuhi alilipapasa kwa kiganja tangi la maji lililoachwa na mzungu aliyewauzia shamba, lililozama nusu ardhini, kama mtu anayepapasa ng'ombe mgonjwa. Zamani huko bandarini Kilindini alizuia matumbo ya meli yasiliwe na kutu kwa nguvu ya umeme. Hapa alitumia betri ya trekta. Waya mmoja aliufunga kwenye tangi, wa pili kwenye chuma kikuukuu cha plau alichokizika kando, kisha akaumwagilia udongo maji ili umeme upite.

"Kikuukuu kiliwe, tangi lipone," alinong'ona.

"Mzee, chuma umekilisha," Njambi alimtania. "Wewe umekula?"

"Nitakula. Kutu haingoji."

Tangi halikuvuja hata tone. Lakini watu wakishaonja changu na chako, cha wote hukosa mwenyewe. Wanachama walionunua shamba lile kwa pamoja walikuwa wameshagawana ardhi, ng'ombe, hata milango ya nyumba ya mzungu. Likabaki tangi. Wakalikata vipande, kila mtu chake. Fundi alikipokea chake kwa mikono miwili, akashukuru.

Kesho yake Njambi alimkuta amechuchumaa palepale lilipokuwa tangi, akiumwagilia maji udongo uliofunika kile chuma cha plau. Waya uliokuwa wa tangi alikuwa ameushika mkononi, hauna tena pa kufungwa.