Koti Nililolikunjia Pua

Chekeni mkitaka, mimi bado sijaweza. Tangu tupunguzwe kazi kiwandani, nakula kwa shida za wenzangu: nanunua vitu vya waliokwama kwa bei ya kutupa, nawauzia wenye nafuu. Najisifu kuwa nina jicho.

Majuzi, nikisubiri kivuko Kigongo, nilimkuta kijana ametandaza koti la sufu kwenye mkeka. Koti zuri ajabu. Nikakunja pua.

"Hili linanuka mzee. Nani atalivaa?"

Akainamisha kichwa, akaniachia karibu bure. Nikajiona nimempiga bao. Kuliuza nikashindwa, nikalivaa mwenyewe.

Jumamosi nikaenda nalo Mkuyuni, kwenye kumaliza matanga ya msimamizi wetu wa zamani kiwandani, Mhaya. Nikaketi mbele, kifua nje. Ukafika wakati wa kumsimika mrithi, ambaye kwa desturi yao huvishwa koti la marehemu. Likatafutwa kabatini, uvunguni, halionekani. Nami, mjinga, nikainuka kusaidia kutafuta.

Mjane akanishika kiwiko.

"Kiraka hiki nilikishona mimi."

Nikamgeukia mrithi pale kwenye kigoda, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote. Ni yule kijana wa Kigongo.

"Shikamoo mama," nikasema.

Kijana ndiye aliyejibu, macho chini: "Mama, nilimuuzia huyu. Alisema linanuka mzee."

Nikalivua mbele ya watu wote, na shati langu la ndani halikuwa na mgongo. Mjane akalipokea, akazika uso wake ndani yake.

"Kweli," akasema. "Bado linanuka yeye."